Kibanja cha Yatima na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi, makatibu na makarani wa mizani wa vyama wanachama, kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa kahawa)



Wahenga walinena kwamba yatima hadeki. Neno hilo ni la kweli, ila limezoea kutumiwa vibaya. Lilikusudiwa kumwasa mtoto aliyefiwa ajikaze, maana yule aliyekuwa akimbembeleza hayupo tena. Halikukusudiwa kuwapa walio hai ruhusa ya kumtumikisha, wala ya kuvuna kahawa ya baba yake na kumwachia yeye magugu ya kupalilia.

Vyama vya msingi haviwezi kulaumiwa kwamba havina huruma. Katika mikutano mikuu mingi hutengwa fedha kidogo kwa ajili ya watoto yatima na wale wanaoishi katika mazingira magumu. Hununuliwa madaftari, sare za shule, pengine na kilo kadhaa za sukari na sabuni siku ya sherehe. Hayo ni mema, na yaendelee. Lakini sare huchakaa kabla mwaka haujakwisha, na mtoto hubaki palepale alipokuwa. Msaada mkubwa kupita huo, ambao chama cha msingi kinaweza kuutoa bila ya kuongeza hata senti moja katika makisio yake, umo katika daftari la wanachama na katika mizani. Tena umo vichwani mwa wazee wanaokaa barazani pa ghala wakingoja zamu yao ya kupima.

Mkoa huu wa Kagera una sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko mikoa mingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa hapa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata zilikuwapo nyumba ambazo baba na mama walikwenda mmoja baada ya mwingine, wakabaki bibi na wajukuu. Tangu mwaka 2004, Serikali ilipoanza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo, wazazi wengi wamepata kuishi na kulea watoto wao. Hata hivyo vifo havikuisha duniani. Malaria ingalipo, uzazi ungali una hatari zake, na ajali za barabarani zimekuwa nyingi. Aidha, wale waliokuwa yatima wadogo katika miaka ya 1990 leo ni watu wazima wenye watoto, na baadhi yao wangali wanadai mipaka ya vibanja walivyonyang'anywa wakiwa hawajui hata kuandika majina yao.

Ni lazima ieleweke vema ni kitu gani hasa hupotea mzazi anapofariki. Kibanja si kipande cha ardhi tu. Ni migomba iliyopandwa na babu, ni mibuni iliyochanganywa ndani yake, ni maharage chini ya kivuli, na ni nyasi zilizoletwa kichwani kutoka rweya na kutandazwa ili udongo usikauke. Kibanja huishi kwa samadi na kwa mikono. Ugonjwa wa muda mrefu huanza kula ng'ombe, maana ng'ombe huuzwa ili kulipia dawa na nauli ya hospitali. Na ng'ombe akiondoka, samadi nayo huondoka. Mwaka wa pili nyasi hazitandazwi, kwa kuwa mwenye nguvu za kuzibeba yuko kitandani na mwingine anamwuguza. Mwaka wa tatu migomba huwa myembamba, fukusi wameingia katika matungu, na mikungu haimtoshi hata mtoto mdogo. Hivyo basi, siku ya maziko mtoto hurithi kibanja kilichokwisha kuugua pamoja na baba yake.

Kitu cha pili kipoteacho hakionekani kwa macho, nacho ni maarifa. Hakuna baba wa Kihaya aliyemketisha mwanawe na kumfundisha kilimo cha migomba kwa maneno. Mtoto alijifunza kwa kushika panga la pili, akitembea nyuma ya mzee, akiambiwa, "Hili acha, lile kata." Mafunzo hayo huchukua miaka mingi. Mtoto aliyefiwa akiwa na umri wa miaka tisa ameona tu, hajashika. Akifikia miaka kumi na sita atakuwa na shamba asilolijua, na shamba usilolijua ni rahisi kuliuza.

Na ichukuliwe familia moja ya kufikiriwa, ili jambo lote lionekane kwa mpangilio wake. Mwanachama amefariki mwezi wa Februari. Mke alikwisha kumtangulia. Wamebaki msichana wa miaka kumi na mitano, mdogo wake wa kiume wa miaka kumi na miwili, na kitinda mimba wa miaka saba, pamoja na bibi mzaa baba ambaye macho yake ni mazito. Kahawa ingali mbichi mitini. Kuna deni la jeneza na deni la duka. Wiki tatu baada ya matanga, mtu anabisha hodi akiwa na fedha mkononi. Yeye hana haja ya kungoja kahawa iive. Ataichukua mitini na atalipa leo. Hiyo ndiyo butura, ambayo imekatazwa kwa miaka mingi na ingali ikitendeka, kwa sababu haimwendei mwenye shibe. Humwendea mwenye msiba.

Hesabu yake ni nyepesi, na ingefaa ifundishwe katika kila darasa la tano. Tuseme kibanja kina mibuni 200, na kila mbuni ukitoa kilo 2 za maganda makavu, mavuno ni kilo 400, yaani magunia manane ya kilo 50. Mnunuzi wa butura akilipa theluthi moja ya bei ambayo ingepatikana ghalani, basi watoto hao wamelipwa kilo 133 na wametoa bure kilo 267. Magunia matano na zaidi yameondoka mbele ya macho yao kwa mkono wa mtu aliyewapa pole.

Pengine bibi ni mwanamke shupavu, amemfukuza mwenye butura. Mwezi wa Julai kahawa inachumwa na kukaushwa. Nani ataipeleka ghalani? Ataipeleka baba mdogo. Anafika mezani, anataja namba ya uanachama ya marehemu kaka yake, na karani anaandika. Karani anamjua, walisoma pamoja, alikuwapo mazikoni. Haulizi neno. Stakabadhi inatoka kwa jina la marehemu, fedha zinapokewa na baba mdogo, na likija tangazo la malipo ya pili yeye ndiye anayetia sahihi. Mwaka wa pili inakuwa hivyo hivyo. Msimu wa tatu kahawa yote inapimwa chini ya namba ya baba mdogo mwenyewe, na watu wamekwisha zoea kusema "kibanja cha fulani" wakimtaja yeye. Hakuna aliyeiba usiku. Kila kitu kimefanyika mchana, juu ya meza ya chama, kwa kalamu ya chama.

Mkaguzi yeyote akifungua madaftari ya namna hiyo hukuta ajabu: mwanachama aliyezikwa miaka mitatu iliyopita, katika daftari anaendelea kuleta kahawa. Hisa zake zipo. Mrithi aliyetajwa hayupo, ama nafasi yake imeachwa wazi tangu siku ya kujiunga, ama ameandikwa mke ambaye naye ni marehemu. Katika vyama vikongwe udhaifu huu una historia ndefu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vyama vingi vilianza upya kwa orodha zilizokusanywa haraka haraka. Lakini miaka zaidi ya arobaini imepita tangu hapo, na kisingizio hicho sasa kimezeeka.

Haifai kudhaniwa kwamba kila baba mdogo ni mnyang'anyi. Wengi wamewachukua watoto wa ndugu zao, wakawalisha sahani moja na wa kwao, wakajinyima. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji daftari safi kuliko wote, kwa maana watoto wakikua na wasengenyaji wakianza kazi yao, yeye hana kitu cha kuonyesha ila maneno yake. Stakabadhi zilizoandikwa sawasawa humlinda mlezi mwaminifu kama zinavyomzuia asiye mwaminifu.

Njia ya haki ipo, wala si ngumu. Mwanachama akifariki, ukoo hukaa kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari hupelekwa mahakama ya mwanzo, nayo ndiyo humthibitisha. Neno hili "msimamizi" limeleta madhara mengi kwa kutoeleweka. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili, na kurudisha hesabu mahakamani. Akipeleka kahawa ghalani anaipeleka kwa niaba ya watoto, na daftari liseme hivyo: jina la marehemu, jina la msimamizi, majina ya watoto. Hilo la majina ya watoto ndilo linalosahauliwa.

Kuhusu watoto wa kike, bado wapo wazee wanaosema kwamba ardhi ya ukoo haimhusu msichana kwa kuwa ataolewa. Ni kweli kwamba sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma katika urithi na kumzuia asiuze ardhi ya ukoo. Lakini mambo hayakusimama hapo. Katika shauri lililotoka katika mkoa huu huu, ambalo mwanamke mmoja alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumbagua mwanamke katika jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikatamka kwamba mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mjumbe wa bodi anayemwambia msichana wa miaka kumi na mitano kwamba hana chake katika kibanja cha baba yake anasema jambo ambalo sheria imekwisha likataa, na analisema akiwa amevaa koti la chama.

Shamba likishalindwa, ndipo mafunzo yanapokuwa na mahali pa kutua. Kumfundisha yatima kilimo huku kibanja chake kinavunwa na mwingine ni kumpa mtu makasia baada ya kumwibia mtumbwi.

Iko njia iliyojaribiwa ambayo vyama vinaweza kuiga kwa kadiri ya uwezo wao. Mwaka 2003, nchini Msumbiji, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Mpango wa Chakula Duniani yalianza shule za mashambani kwa ajili ya watoto walioachwa na UKIMWI, na baadaye mpango huo ukaenezwa katika nchi nyingine za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Kundi huwa la watoto wapatao 30, wa umri wa miaka 12 hadi 18, wavulana na wasichana. Hukutana shambani kwa msimu mzima, tangu kuandaa ardhi hadi kuvuna. Wanatazama mmea, wanauchora, wanabishana kwa nini majani yamekuwa ya manjano, kisha wanaamua la kufanya. Katika saa hizo hizo huzungumza juu ya maisha yao: namna ya kujikinga na maradhi, namna ya kukataa wanaposhawishiwa vibaya, na haki zao juu ya mali. Wakulima wa mkoa huu wanaijua njia hiyo kwa jina la shamba darasa. Tofauti ni kwamba safari hii wanafunzi ni watoto, na kwamba kinachotafutwa si kilo tu.

Walimu hawahitaji kutafutwa mbali. Afisa ugani aje kila apatapo nafasi, lakini mafunzo ya wiki kwa wiki ni ya wazee wa chama. Mzee mmoja mwenye kibanja kizuri anaweza kuwaonyesha watoto kumi kwamba katika shina moja la mgomba huachwa mimea mitatu tu, mama, mwana na mjukuu, na machipukizi mengine yote hung'olewa. Awaonyeshe namna ya kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa sababu ya mnyauko wa bakteria ulioingia mkoani katika miaka ya 2000, ambao hauna dawa na huambukizwa kwa kisu kutoka shina hata shina. Wajifunze dalili zake: jani kunyauka likiwa bado changa, ndizi kuiva kabla ya wakati wake, na utomvu wa manjano mahali palipokatwa. Wajifunze kuchoma panga motoni kabla ya kwenda shina la pili. Mambo haya yote mtoto mwenye baba huyapata bure.

Katika kahawa, yapo mambo mawili ambayo mtoto akiyashika yatamlipa maisha yake yote. La kwanza ni kuchuma zile nyekundu peke yake na kuanika juu ya kichanja au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu. Na kujua kwamba punje imekauka pale ganda linapotikiswa na punje kusikika ndani. La pili ni kupanda upya. Mibuni mingi iliyoachwa na marehemu ni mizee, na ugonjwa wa mnyauko umekausha mingine tangu mwisho wa miaka ya 1990. Kituo cha Maruku cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kimetoa miche ya robusta inayostahimili ugonjwa huo, izaliwayo kwa vikonyo. Mbuni uliopandwa leo utaanza kutoa mavuno ya maana baada ya miaka mitatu hivi. Mvulana wa miaka kumi na miwili akipanda miche thelathini mwaka huu na mingine thelathini mwaka ujao, siku atakapofikia umri wa kuomba uanachama atakuja ghalani na kahawa yake mwenyewe. Hapo ndipo penye faida ya chama, kama faida inatafutwa: wanachama wengi wa leo wamezeeka, na vijana hawaji.

Kisha afundishwe mizani. Asimame mbele ya mshale, asome mwenyewe, alinganishe na kilichoandikwa katika stakabadhi. Karani akipunja kilo 2 kwa kila gunia, magunia manane yamepoteza kilo 16. Mtoto aliyekwisha kuifanya hesabu hiyo mara moja hapunjwi tena kwa urahisi, na pengine makarani nao watajifunza adabu.

Hapana budi pawekwe tahadhari. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa na wazo zuri la kuiunganisha shule na kazi. Lakini wapo waliosoma katika miaka iliyofuata ambao hukumbuka shamba la shule kama mahali pa adhabu, ambapo mavuno yalikwenda wasikokujua. Shamba la yatima linaweza kuangukia shimo hilo hilo. Hatari huanza siku wajumbe wa bodi wanapoona kwamba wamepata vibarua thelathini wasiolipwa. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inaruhusu mtoto aliyefikia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kazi za hatari. Hivyo mafunzo yawe baada ya masomo au siku ya Jumamosi, kwa saa chache. Mtoto asishike bomba la dawa ya wadudu kwa hali yoyote. Mavuno ya shamba la mafunzo yagawanywe kwa watoto wenyewe mbele ya walezi wao, na hesabu isomwe katika mkutano mkuu kama hesabu nyingine yoyote. Kamati isinywe chai ya shamba hilo.

Wala wasichaguliwe yatima peke yao. Mtoto akiitwa mbele ya wenzake kwa jina la yatima huona haya, na wengine huanza kunong'ona juu ya ugonjwa uliomwua baba yake. Wachanganywe na watoto wa wanachama walio hai, hasa wa nyumba maskini. Na katika karatasi za chama sababu ya kifo isiandikwe popote, maana haihusiani na kahawa.

Si kila mtoto atakuwa mkulima. Vibanja vimegawanywa mara nyingi mno, na watoto watatu wa familia ile ya mfano hawawezi kuishi wote kwa mibuni 200. Mmoja itampasa apate ufundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vyake, na pia hupima na kuthibitisha ujuzi wa fundi aliyejifunza mitaani chini ya fundi mwingine. Njia hii ya pili inafaa zaidi kwa yatima mwenye wadogo wa kutunza, kwa kuwa hatalazimika kuhama. Lakini pametokea kosa moja mara nyingi: msichana amefundishwa ushonaji kwa miezi sita, akapewa cheti, akarudi kijijini hana cherehani wala mteja. Cheti kikatundikwa ukutani.

Chama kinaweza kuwa mteja wa kwanza. Kila chama kinahitaji vichanja vya kuanikia kahawa, na kichanja ni miguu ya mbao, fremu, na wavu. Hiyo ni kazi ambayo kijana aliyejifunza useremala kwa mwaka mmoja anaiweza kabisa, na chama kikiagiza vichanja ishirini kwake badala ya kununua mjini, kimemlipa ada ya ufundi na kimepata kahawa safi. Hali kadhalika sare za shule ambazo chama kinazinunua kila mwaka kwa ajili ya yatima: kwa nini zisishonwe na yatima? Kitambaa kinunuliwe kwa jora, cherehani ikopeshwe na kukatwa kidogo kidogo katika malipo. Malipo yake yawe sawa na anayolipwa fundi mwingine yeyote, kwa maana punguzo litokanalo na unyonge wa mfanyakazi si akiba.

Fedha za mtoto nazo zitengwe. Chama kisizichanganye na zake hata kwa siku moja. Ifunguliwe akaunti benki au katika chama cha akiba na mikopo, na fedha zisitoke bila ya sahihi ya mlezi na ya mtu mwingine asiye wa ukoo ule, mathalani mwalimu au afisa ustawi wa jamii. Mtoto aonyeshwe kitabu chake kila baada ya msimu, hata kama ana miaka saba. Hataelewa vizuri, lakini atakumbuka kwamba alionyeshwa.

Wajumbe wengine watauliza kama haya ni kazi ya ushirika, au ni ya Serikali na mashirika ya dini. Jibu liko katika misingi ya ushirika wenyewe: ule wa saba, uliopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika katika mkutano wa Manchester mwaka 1995, unavitaka vyama kuijali jamii inayovizunguka. Ila hata pasipo msingi huo, kahawa ya mwanachama aliyefariki iko katika ghala la chama na hisa zake ziko katika mtaji wa chama. Kuilinda ni deni ambalo chama kinadaiwa na watoto wake.

Yapo basi ya kutendwa kabla ghala halijafunguliwa. Daftari la wanachama lisomwe kwa sauti katika kila kijiji, jina kwa jina, mbele ya mtendaji wa kijiji na wazee. Likifikiwa jina la marehemu, iulizwe: nani msimamizi, na watoto ni akina nani? Msimamizi akiwa hajathibitishwa, apewe barua ya chama ya kumwezesha kwenda mahakama ya mwanzo. Kahawa itakayoletwa kabla ya uthibitisho huo ipokewe na kupimwa, ili isiharibike wala isiende kwa mwenye butura, lakini fedha yake ikae katika akaunti ya amana. Walio na njaa wasingojeshwe: bodi iweze kutoa kiasi cha chakula na mahitaji ya shule kwa muhtasari, mikononi mwa bibi au yeyote anayekaa na watoto. Walio hai nao waijaze upya nafasi ya mrithi, wajumbe wa bodi wakiwa wa kwanza, kwa sababu katika vyama vingi fomu zao wenyewe ziko tupu.

Orodha ya namba za marehemu, pamoja na majina ya walioruhusiwa kuleta kahawa kwa niaba ya watoto, ikamilishwe na kupigwa muhuri. Nakala moja ije makao makuu ya chama kikuu, nyingine akabidhiwe karani wa mizani kwa sahihi siku tatu kabla ya kupima gunia la kwanza, na ya tatu ibandikwe ukutani karibu na mizani, chini kidogo, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuisoma.